Sauti Yangu Juu ya Sauti Yake

Wiki iliyopita niliwadanganya.

Niliandika hapa kwamba sahani ya muziki ya Mzee Besi iliharibiwa na paka. Nikaeleza na jinsi alivyoruka kutoka juu ya kabati, mkia umesimama, sahani ikaanguka sakafuni. Baadhi yenu mmenitumia salamu za pole. Msomaji mmoja amenishauri nimfukuze. Paka mwenyewe hana hili wala lile. Siku ile alikuwa amelala chini ya meza ya kazi, na hata sasa ninapoandika yupo hapo hapo, anakoroma.

Leo naisema yote. Nimechoka kuwapa ukweli nusu nusu.

Kwa ambaye hakuwa nasi tangu mwanzo: mimi ni fundi wa redio. Watu wananiita Sindano, kwa ajili ya ile sindano ya gramafoni. Dada yangu anasema ni kwa sababu nikishaingia kwenye jambo sitoki bila kumuumiza mtu. Nakusanya santuri za zamani za rumba ya Kongo, zile sahani ndogo zenye wimbo mmoja kila upande. Ninazo mia tatu na kitu. Nazirekodi, nazituma kwenye kundi letu la simu lenye watu karibu mia mbili, wa nchi mbalimbali, wengi hatujawahi kuonana uso kwa uso. Mke wangu aliondoka akisema hawezi kulala chumba kimoja na wanaume mia tatu wanaomlilia mwanamke mwingine kwa Kilingala. Hilo niliwasimulia sehemu ya pili, na lile halikuwa uongo.

Miaka mitatu iliyopita, Mzee Besi alikuja dukani na sahani moja imefungwa kwenye foronya. Ujanani alikuwa mpiga gitaa la besi. Alikwenda Kongo, akapiga na bendi miaka miwili, akarudi, akawa seremala mpaka uzeeni. Bendi ile ilitoa sahani moja tu kisha ikavunjika. Hiyo aliyonishikisha ndiyo.

Ombi lake lilikuwa dogo. Nyumbani kwake hawakuwahi kuwa na gramafoni. Alitaka nimtolee nakala safi kwenye simu ampelekee mkewe, na sahani nimrudishie Jumamosi.

"Kuna ubishi nyumbani," aliniambia. "Nataka niumalize kabla sijafa."

Nikacheka. Sikumuuliza ubishi gani.

Jumamosi ilipofika nikamwambia sindano imechoka, nimeagiza nyingine. Jumamosi iliyofuata nikasingizia umeme. Nikampiga kalenda miaka mitatu. Mzee wa watu anakuja na fimbo yake, anakaa kwenye benchi, anaomba maji, anaondoka. Hakuwahi kunipandishia sauti. Akafa mwezi wa pili mwaka huu, sahani iko kwangu. Siku ya mazishi nililia kuliko watoto wake, watu wakasema ama kweli huyu fundi alimpenda mzee.

Sasa ukweli wenyewe.

Nakala niliitoa siku ile ile aliponiletea. Haikunichukua hata nusu saa. Tatizo ni namna ninavyorekodi. Kwenye kundi letu wezi ni wengi: unatuma wimbo asubuhi, jioni unaukuta kwa mtu mwingine anajisifu kwamba kauchimbua yeye. Kwa hiyo tuna desturi ya kutia muhuri. Kipaza sauti unakiacha wazi sahani ikizunguka, ukifika mahali waimbaji wamenyamaza, unataja jina lako juu ya muziki. Hapo hata mtu akiiba, anaiba na jina lako.

Katikati ya wimbo ule magitaa yanashuka, na kuna kijana anaongea kidogo, kwa Kiswahili, wakati wimbo mzima ni Kilingala. Sikujisumbua kumsikiliza. Niliona tu kwamba hapo waimbaji wamenyamaza. Nikasogelea kipaza sauti, nikatamka kwa sauti nzito: "Hii ni mali ya Sindano, mfalme wa santuri. Usiibe."

Sikurekodi mara ya pili. Niliituma kundini, nikavimba kichwa wiki nzima. Walinivika vilemba vyote. Mtu mmoja tu, mwalimu mstaafu tunayemwita Mwalimu, aliandika kwa upole kwamba hata yeye anayo sahani hiyo. Nikamwita mwongo mbele ya watu mia mbili na kumtoa kundini. Nilitaka sahani ile iwe moja tu duniani, na iwe kwangu.

Kisha nikaiweka dirishani ili wapita njia waione. Nikaiegemeza kwenye kioo, jina la bendi linatazama barabara, nikaisahau. Jua la wiki mbili likaikunja, kingo zikanyanyuka kama sinia. Nami fundi, nikajitia najua dawa yake. Nikaiweka kati ya vitambaa viwili nikapitisha pasi.

Ilinyooka kweli. Ilinyooka mpaka mifereji yote ya sauti ikafutika, uso mzima unang'aa, ukiweka sindano inateleza moja kwa moja hadi katikati bila kutoa hata mlio. Nikaizungusha mkononi, nikaifunga tena kwenye foronya yake, nikaisukuma chini ya kitanda.

Paka alikuwa amelala. Pasi niliishika mimi.

Basi, Jumanne moja ya mwezi uliopita, asubuhi, nikiwa nimeinamia redio ya kinyozi wa jirani, mjane wa Mzee Besi akaingia dukani.

Alikuwa amevaa koti la marehemu. Lilimzidi, mikono ameikunja mara mbili, viwiko vimechakaa. Vifungo vya juu ni vyeusi vinavyofanana. Cha mwisho ni cha kahawia, kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Nilikiona kwa sababu alikuwa anakichezea muda wote.

Nilijua kilichomleta. Nikamkaribisha kwenye benchi lile lile la mumewe, nikamletea maji, nikaanza maneno mengi ya pole. Naye hakuwa na haraka. Aliniuliza kifua changu kinaendeleaje, akamuulizia dada yangu, akaniambia nimekonda. Mwisho akasema mzee wake aliacha neno kwamba sahani iko kwangu na naishughulikia.

"Alisema usiharakishwe," aliniambia. "Alisema fundi mzuri huwa anachelewa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ndipo akanisimulia ule ubishi. Walikuwa wachumba mzee alipokwenda Kongo. Mwaka wa kwanza barua zilikuja, mwaka wa pili zikakatika. Kwao huyu Mama wakaanza kumkaribisha mwenye duka moja la vitambaa, mtu mzima, mwenye adabu, na baba yake alikuwa amekwisha kukubali. Alasiri moja yuko uani anaosha vyombo, redio ya jirani ikapiga wimbo, na katikati ya wimbo akasikia sauti ya mchumba wake. Vyombo vinagongana, mashangazi wanacheka, akadaka neno moja tu, kwamba anarudi. Akaacha vyombo kwenye maji, akaenda kumwambia baba yake kwamba haolewi na mwenye vitambaa.

Mchumba akarudi kweli, na sahani kwenye mzigo wake. Wakaoana. Kila walipopanga kununua gramafoni, mtoto anataka daftari, mwingine anaumwa. Miaka hamsini sahani ikakaa kwenye sanduku, na miaka hamsini wakawa wanabishana. Mume anasema mle ndani alisema maneno mazuri. Mke anasema maneno gani, ulisema narudi tu, utadhani umetumwa chumvi dukani. Mume anaambiwa basi yarudie hayo mazuri, anakataa, anaona haya. Anasema yako kwenye sahani, siku utakayoyasikia utaniomba radhi.

Alicheka alipokuwa anasimulia. Halafu akaacha kucheka.

"Sahani sitaki, mwanangu. Baki nayo, wewe ndiye unayejua kuitunza. Nataka nimsikie mara moja tu. Uso wake ninao kwenye picha. Sauti ndiyo inaanza kunitoka."

Nilipaswa kumwambia pale pale. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikajisikia nasema, "Mama, njoo Ijumaa, utaikuta tayari."

Akainuka, akanishukuru, akaondoka.

Nikafunga mlango, nikaweka ile nakala yangu kwenye kompyuta. Magitaa yakashuka. Kijana akacheka kidogo. Kisha nikaingia mimi, mali ya Sindano, mfalme wa santuri, na nyuma yangu kuna mtu anaongea, ni kama yuko chumba cha pili na mlango umefungwa. Nikamaliza kusema usiibe, likasikika neno moja tu la mwisho, likatoka safi: "ukishone." Sikulielewa.

Jumatano yote nilishinda kwenye kompyuta. Kila dawa ninayoijua niliitumia. Nikipunguza sauti yangu, na yake inapungua. Nikiikata, naikata na yake. Ujuzi wangu wote wa miaka ishirini na sita haukuweza kunitoa mimi kwenye sentensi moja.

Alhamisi asubuhi nikaandika kundini. Nikaomba, mimi mfalme, kwamba mwenye sahani hii au nakala yoyote ya zamani anisaidie, ni kwa ajili ya mjane. Majibu yakaja kwa wingi, watu wa kundi letu wana moyo. Daktari wa meno akatuma. Mama mwenye duka la dawa akatuma. Nahodha mmoja wa meli akatuma akiwa baharini. Nikafungua moja baada ya nyingine, na kila mmoja alikuwa amenirudishia sauti yangu mwenyewe. Nahodha akaongeza, kwa nia njema kabisa, "Mfalme, si hii ni yako?"

Nilihesabu mara ishirini na tatu nikijisikia nasema usiibe. Nikazima simu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hata dada yangu sijamwambia.

Mzee Besi nilikuwa naweza kumuiga. Alikuwa na sauti ya kukwaruza, akimaliza sentensi anavuta pumzi puani. Mara nyingi mteja akichoka kusubiri nilimfurahisha kwa kumuiga mzee anavyoomba maji, watu wanacheka. Siku ile ya Alhamisi nilitafuta kipande cha wimbo chenye magitaa matupu. Nikakaa mbele ya kipaza sauti kile kile. Nikaifanya sauti yangu nyembamba kidogo, ya kijana. Nikasema, "Nisubiri. Mimi narudi." Nikamwagia mikwaruzo juu yake ifanane na ya zamani, nikaipachika mahali pake.

Nilipoisikiliza mwenyewe, ilinidanganya hata mimi. Nikajipigia makofi.

Ijumaa alikuja mapema, amejitanda vizuri, koti juu. Nilimvalisha vile visikizio vikubwa vya masikioni, nikamwekea. Alifumba macho. Wimbo ulipoanza kidole chake kikaanza kugonga benchi, kinafuata besi. Magitaa yaliposhuka kidole kikasimama.

Nilimtazama usoni.

Aliomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena. Mara ya tatu ilipoisha, akavivua visikizio kwa mikono miwili, akaviweka mezani taratibu.

"Kumbe mimi ndiye niliyekuwa sahihi," alisema. "Alisema narudi tu."

Nikajikaza kisabuni. Nikamwambia hayo nayo ni maneno mazuri, kijana yuko mbali, angesema nini zaidi.

"Ni mazuri," alisema. Akakishika kile kifungo chake. "Ila miaka yote ile nilikuwa nambishia huku naomba Mungu yeye ndiye anishinde."

Hakulia. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea heri, akaniombea mke. Nikamwekea nakala kwenye simu aliyopewa na binti yake, nikamwonyesha pa kubonyeza. Alipovuka barabara nilimwona anatembea polepole kuliko alivyokuja. Mzee wake alikuwa ameshindwa ubishi akiwa kaburini, na aliyemshindisha ni mimi. Nikaingia nyuma ya pazia, nikalia mpaka kinyozi akaja kuuliza kama kuna msiba.

Siku kumi zikapita. Nilikula bila kusikia ladha. Santuri sikugusa hata moja.

Jumatatu, kama saa nne asubuhi, Mwalimu aliingia dukani.

Sikuwa nimewahi kumwona, ila alipojitambulisha nilisikia jasho linanitoka kwapani. Mtu mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Mkononi ana mkoba wa ngozi. Nikaanza kuomba radhi juu ya yale ya kundini. Akanyoosha kiganja, nikanyamaza kama mwanafunzi.

"Sikuja kwa ajili yako," alisema. "Watu wa kundini wameniambia unamtafutia mjane sahani hii. Ingekuwa ni wewe tu, ningekufa nayo."

Akafungua mkoba. Ndani kuna sahani imefungwa kwenye gazeti. Bendi ile ile, rangi ile ile. Aliniambia aliipata kwenye baa iliyokuwa inafungwa karibu na shule yake, akaipenda, akaiweka. Hakuwahi kumtumia mtu kwa sababu hajui mambo ya kompyuta. Siku ile alipoandika kundini alikuwa anataka tu kuuliza nani amfundishe kurekodi.

Nikaitoa gramafoni, nikaipangusa.

"Kipaza sauti chako kiko wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Akaenda, akauchomoa waya wake, akaukunja vizuri, akautia mfukoni.

"Sasa rekodi."

Nikaweka sindano. Sahani ilikuwa na mikwaruzo, ila ya kawaida, ya kuchezwa na kupendwa. Waimbaji wakaimba wee, magitaa yakashuka. Kijana akacheka, kicheko kifupi cha mtu anayeona haya mbele ya wenzake. Kisha akasema, na hii niliandika neno kwa neno:

"Wewe, Mshona Vifungo. Kile cha mwisho ulichonishonea kwa uzi mwekundu bado kipo. Nakilinda kuliko gitaa hili. Siku kikikatika, mimi narudi, ukishone."

Besi ikaingia. Ni yeye mwenyewe anapiga, amemaliza kusema akarudi kwenye nyuzi zake.

Sikuweza kuinua sindano. Wimbo ukaisha, sahani ikawa inazunguka bure. Mwalimu akaniuliza mbona nimekuwa hivi. Nikamweleza yote, kuanzia muhuri mpaka pasi mpaka nilivyomuiga marehemu. Yeye ndiye mtu wa kwanza kusikia, ninyi wa pili. Alinisikiliza amekunja mikono. Nilipofika kwenye "nisubiri, mimi narudi" akakaa chini.

"Mpelekee leo," alisema.

"Nikimpa hii atajua ile nyingine ilikuwa nini."

"Atajua."

"Na kama asipoamini hii? Nimekwisha kumpa moja ya uongo, hii ya kweli ataiaminije?"

Mwalimu aliifunga sahani yake kwenye gazeti, akairudisha mkobani.

"Hilo ulilipanga mwenyewe," alisema, akatoka. Waya wangu akaondoka nao mpaka leo.

Mama anakaa kwenye nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana, ua mmoja katikati, bomba moja na kamba za nguo. Nilifika kabla ya adhuhuri. Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Nitaanza na samahani, halafu pasi, halafu yale mengine, mwisho nimpe simu asikilize.

Nilimkuta amepiga magoti karibu na bomba, anapapasa mchanga kwa viganja. Koti amelivaa. Chini, mahali pa kifungo cha mwisho, kulikuwa na kipande cha uzi mwekundu kinaning'inia.

"Kifungo changu kimekatika," alisema hata kabla ya salamu. "Asubuhi nilikuwa nacho nikichota maji. Nisaidie, macho yangu hayaoni vizuri."

Nikapiga magoti upande wa pili. Maneno yote niliyoyapanga yakanitoka. Tukawa tunapapasa, yeye huku, mimi kule, simu iko kwenye mfuko wa shati.

Baada ya muda akasema, bila kuinua kichwa, kwamba ile niliyomwekea ameifuta.

"Mwanzo niliisikiliza kila asubuhi," aliniambia. "Siku ya tatu nikaona jambo. Nikitaka kumkumbuka mwenyewe, anavyoniita kutoka uani, inakuja ile ya kwenye simu. Ya kwake haiji tena. Imefukuzwa."

Nilikuwa nimekiona kifungo. Kilikuwa kimeingia kwenye ufa wa sakafu chini ya bomba, cha kahawia, kimelowa. Nikakichokoa kwa kucha. Kikawa kwenye mkono wangu wa kulia.

"Kwa hiyo hata ukipata nyingine usiniletee, mwanangu. Sitaki kusikia tena sahani yoyote. Kidogo kilichobaki nikiache hivyo hivyo."

Akainua uso, akaona kifungo, akanyoosha kiganja. Ila macho hayakuwa kwenye kifungo, yalikuwa kwangu. Ni mwanamke aliyeishi miaka hamsini na mtu mmoja. Sijui nilidhani nini.

"Mzee wangu hakuwahi kuvuta pumzi puani alipokuwa kijana," alisema. "Hiyo ilimjia uzeeni, kwa vumbi la mbao. Sasa niambie. Yule aliyesema nisubiri ni nani?"

Nikaweka kifungo kwenye kiganja chake.

"Ni mimi, Mama."

Alikifunga kiganja. Akashika ukuta, akainuka, akaanza kuelekea chumbani kwake. Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Alifika kwenye kizingiti, mkono mmoja ukashika mlango aufunge, na nikajua ukifungwa ule hautafunguliwa kwangu tena, wala kwa yule kijana aliyecheka kwa haya miaka hamsini iliyopita akitegemea siku moja atasikilizwa.

Nilikuwa bado nimepiga magoti pale bombani.

"Mshona Vifungo," nikasema. Safari hii sikumuiga mtu. Nilisema kwa sauti yangu hii ya kila siku.

Mlango ukasimama. Hakugeuka. Nilimwona bega tu, na uzi mwekundu chini ya koti.

"Jina hilo," alisema taratibu, "hata wanangu hawalijui. Umelitoa wapi?"